Kusoma Umbo la Kielekezi cha Kipanya Kabla ya Kubofya

Katika steshenari za Ngamiani na Chumbageni jijini Tanga, ambako watu huja kuchapisha barua, kujaza maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu, kutoa nakala na kupiga picha za pasipoti, kipanya hushikwa kutwa nzima na watu ambao wengi wao hawakusomea kompyuta darasani bali walijifunza kwa kuketi kando ya mwenye kujua. Njia hiyo ni nzuri, ila ina pengo moja: anayefundisha huonyesha mahali pa kubofya, na ni nadra aeleze kwa nini kielekezi kimebadilika sura kilipofika hapo. Umbo la kielekezi ni jibu ambalo kompyuta hulitoa kabla hujabofya; linakujulisha ni kazi gani itafanyika ukibonyeza kitufe cha kipanya mahali ulipo. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulisoma jibu hilo, hasa katika kazi za kuchapa, za kujaza fomu na za hesabu. Maelezo yanafuata kompyuta za Windows, kwa kuwa ndizo zilizoenea katika maduka na ofisi zetu. Mac, yaani kompyuta za Apple, itatajwa pale tu inapotofautiana.

Nukta inayohesabiwa

Kielekezi, hata kikiwa kikubwa namna gani, hugusa nukta moja tu ya skrini, na nukta hiyo ndiyo inayohesabiwa unapobofya. Katika kishale cha kawaida nukta hiyo ipo kwenye ncha ya juu. Katika mkono ipo kwenye ncha ya kidole cha shahada. Katika msalaba ipo pale mistari inapokutana. Wanaoanza hufunika kitufe kwa tumbo la kishale huku ncha ikiwa imekwisha kuvuka upande wa pili, kisha hulalamika kwamba kipanya ni kibovu. Kabla ya kukilaumu kipanya, hakikisha kwamba ncha yenyewe imo ndani ya kile unachokitaka.

Kishale hicho kina historia fupi. Douglas Engelbart na wenzake walikionyesha kipanya hadharani San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na katika mfumo wao alama iliyofuata mwendo wa mkono ilikuwa mshale uliosimama wima. Wahandisi wa Xerox, katika miaka ya 1970, waliuinamisha upande wa kushoto, kwa sababu kwenye skrini za wakati huo zenye nukta chache, mshale wenye ubavu mmoja wima na mwingine wa mshazari ulichoreka na kuonekana vizuri kuliko ule ulionyooka. Skrini za leo zina nukta tele, lakini mwinamo ule haujaondolewa.

Kishale cha kawaida kinaonyesha kwamba kompyuta ipo tayari na kwamba mahali ulipo hapana shughuli ya pekee. Usidhani, hata hivyo, kwamba mahali penye kishale hapabofyeki. Vitufe vya programu za Windows, menyu na ikoni za eneokazi (desktop) hubofywa kwa kishale hikihiki bila kielekezi kubadilika hata kidogo.

Nguzo ya maandishi na kijistari kinachopepesa

Unapoingia katika sehemu ya maandishi, kielekezi hugeuka nguzo nyembamba iliyo kama herufi I kubwa, yenye vikomo vidogo juu na chini. Maana yake ni kwamba hapo yapo maandishi yanayoweza kuteuliwa, au ipo nafasi ya kuandikia. Wembamba wake una sababu: unakuwezesha kuingia katikati ya herufi mbili bila kuzifunika.

Hapa ndipo penye mkanganyiko unaowasumbua wanafunzi wengi kuliko mwingine wowote. Ndani ya waraka mna alama mbili zinazofanana. Moja ni nguzo, inayokwenda popote unapopeleka kipanya. Nyingine ni kijistari cha wima kinachopepesa, ambacho hakiendi na kipanya. Herufi unazozichapa huingia kwenye kijistari kinachopepesa, wala haziendi ilipo nguzo. Mtu anaweza kuipeleka nguzo mwisho wa anwani, akaanza kuchapa, na maneno yake yakajitokeza katikati ya aya ya tatu kwa sababu kijistari kilikuwa kimeachwa huko. Utaratibu sahihi una hatua tatu: peleka nguzo mahali unapotaka kuandika, bofya mara moja, kisha tazama kama kijistari kimehamia hapo kabla hujagusa kibodi. Huenda pia nguzo ikatoweka unapochapa. Windows ina mpangilio wa kuificha ili isikuzibe macho, na hurudi mara tu unapokisogeza kipanya.

Katika Word, ukiipeleka nguzo kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, hugeuka kishale kilichoinamia kulia, yaani upande usio wa kawaida. Watu wengi hawautambui mgeuko huo. Ukibofya mara moja hapo, mstari mzima huteuliwa. Mara mbili, aya nzima. Mara tatu, waraka wote. Ni nyenzo ya haraka sana kwa anayeijua, na ni hatari kwa asiyeijua, kwa kuwa ukibofya mara tatu kwa papara kisha ukagusa herufi yoyote, waraka wote unafutika na kubaki herufi hiyo moja. Likitokea hilo, usifunge faili wala usilihifadhi; bonyeza Ctrl pamoja na Z, na maandishi yatarejea.

Nguzo ina matumizi mengine ambayo wenye steshenari watayapenda. Mteja akileta faili la PDF na kutaka maneno fulani yanakiliwe humo, pitisha kielekezi juu ya maneno hayo. Kikigeuka nguzo, maneno hayo ni maandishi halisi na yananakilika. Kikibaki kishale, mkono au msalaba hata unapokuwa juu ya herufi, basi kwa kawaida ukurasa huo ni picha iliyoskaniwa, na itakubidi uyachape upya au utumie programu ya kutambua herufi. Jaribio hilo linafaa kufanywa kabla ya kupatana bei na mteja.

Katika fomu za mtandaoni nguzo hufanya kazi ileile. Kisanduku kinachokubali kuandikwa huonyesha nguzo. Kilichofungwa huacha kishale, au huonyesha duara lenye mstari wa mshazari, yaani alama ya marufuku. Ukikutana na alama hiyo juu ya kitufe cha kuwasilisha, kubofya kwa nguvu hakusaidii kitu. Rudi juu ya fomu utafute sehemu ya lazima iliyoachwa wazi, au kisanduku cha kukubali masharti ambacho hakijatiwa alama.

Mkono

Mkono wenye kidole kimoja kilichonyooka unaonyesha kiungo: ukibofya, utapelekwa kwingine au jambo fulani litaanza. Mkono ulikuwapo hata kabla ya tovuti, kwani programu ya HyperCard ya Apple, iliyotoka mwaka 1987, iliutumia kwa msomaji aliyepita kutoka kadi moja kwenda nyingine. Katika Word kiungo hakifunguki kwa kubofya tu. Shikilia Ctrl, nguzo itageuka mkono, ndipo ubofye.

Unapouona mkono kwenye kivinjari, usibofye papo hapo. Uache ukae juu ya kiungo, kisha uangalie pembe ya chini kushoto ya dirisha, ambapo vivinjari vingi huonyesha anwani ambako kiungo hicho kinaelekea. Maneno yanayoonekana kwenye ukurasa yanaweza kudai jambo moja na anwani ikawa nyingine kabisa, na hapo ndipo matapeli wa ajira na wa mikopo wanapojificha. Tovuti za Serikali ya Tanzania huwa na anwani yenye .go.tz, na sehemu hiyo inatakiwa iwe mwisho wa jina la tovuti, kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo. Anwani iliyoweka go.tz katikati na kumalizia na kitu kingine si ya Serikali. Kwa anayewajazia wengine fomu, tena akishika namba zao za kitambulisho cha taifa, ukaguzi huu si wa hiari.

Mkono wenye vidole vyote vilivyokunjuka ni mwingine. Huo huonyesha kitu kinachoweza kushikwa na kuvutwa, kama vile ramani au ukurasa mkubwa wa PDF, na hujifunga kuwa ngumi wakati unapokivuta.

Kungoja

Alama za kungoja ndizo zinazokera zaidi, hasa kwenye kompyuta za zamani zenye kumbukumbu ndogo, na ndizo zinazosomwa vibaya zaidi. Windows ilitumia saa ya mchanga tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1985 hadi Windows XP. Windows Vista, iliyowafikia wanunuzi wa kawaida Januari 2007, ilileta duara linalozunguka ambalo lingali linatumika. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na saa ya mkononi, iliyochorwa na Susan Kare, na Mac za sasa huonyesha gurudumu la rangi za upinde wa mvua.

Kuna duara la namna mbili. Kishale kilichoambatana na duara dogo kinasema kwamba kompyuta ina kazi inayoendelea nyuma, lakini inakusikia. Unaweza kuendelea kuchapa au kufungua dirisha jingine. Duara peke yake, bila kishale, linasema kwamba programu iliyo chini yake haipokei amri kwa sasa. Hapo ndipo watu hubofya mara kumi kwa hasira. Mibofyo hiyo mara nyingi haipotei. Husubiri foleni, na programu ikizinduka huitekeleza yote kwa mkupuo, ukajikuta umefungua nakala nne za faili moja au umetuma kurasa zilezile kwenye printa mara tatu. Wino na karatasi ni zako.

Jambo la kufanya ni kuondoa mkono kwenye kitufe na kusogeza kielekezi nje ya dirisha lile, mathalani hadi kwenye upau wa chini wa Windows. Kwa kuwa umbo la kielekezi hutegemea dirisha lililo chini yake, kikigeuka kuwa kishale cha kawaida huko nje, utajua kwamba iliyokwama ni programu moja tu. Windows huihesabu programu kuwa haijibu ikiwa dirisha lake halijapokea ujumbe wowote kwa sekunde 5. Unapojaribu kulitumia, dirisha hufifia rangi na juu yake hujitokeza maneno ya kukuarifu. Tangazo hilo si hukumu ya kifo. Excel inayokokotoa faili kubwa, au Word inayofungua waraka wenye picha nyingi, inaweza kutangazwa hivyo kisha ikarejea salama. Ipe dakika kadhaa kwanza. Isiporejea, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua programu hiyo katika orodha na uifunge. Kwenye Mac ni Option, Command na Esc. Word kwa kawaida hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, kwa hiyo ukiifungua tena huenda ikakurudishia sehemu kubwa ya kazi, ingawa kuhifadhi mwenyewe kwa Ctrl na S ndiyo dhamana iliyo bora.

Excel, penye misalaba mitatu

Mwenye kutunza daftari la machungwa yanayonunuliwa Muheza, au la marobota ya mkonge, atafanya kazi hiyo katika Excel, na Excel ina maumbo mengi ya kielekezi yanayokaribiana mno. Kisanduku kimoja tu cha jedwali, yaani seli, kina sehemu tatu ambazo kila moja huleta kielekezi chake.

Katikati ya seli unaona msalaba mnene mweupe. Huo ni wa kuteua: bofya na uvute, na seli ulizopita juu yake zitateuliwa bila kubadilika chochote. Huu ndio msalaba salama.

Kwenye ukingo wa seli uliyoiteua kielekezi huwa kishale chenye vishale vinne vinavyoelekea pande zote. Hapo ukivuta, unayahamisha yaliyomo kuyapeleka kwingine. Ukiyaangusha juu ya seli zenye data, Excel kwa kawaida hukuuliza kama unataka kuzifuta zilizokuwapo. Soma swali hilo kabla ya kukubali, kwa sababu ukikubali, zilizokuwapo zinapotea na hesabu zilizozitegemea huonyesha #REF! badala ya jawabu.

Kwenye pembe ya chini kulia ya seli iliyoteuliwa pana kijiraba kidogo, na kielekezi kikifika hapo huwa msalaba mwembamba mweusi. Huo ni wa kujaza. Ukiushika na kuuvuta kuelekea chini, Excel hujaza seli zinazofuata: fomula huendelezwa, tarehe husonga siku moja moja, na maneno yenye namba mwishoni, kama vile Gunia 1, huendelea kuwa Gunia 2 na Gunia 3. Namba iliyo peke yake hunakiliwa ilivyo, isipokuwa ukishikilia Ctrl wakati wa kuvuta, ndipo inapopanda. Kubofya kijiraba hicho mara mbili hujaza safu hadi mwisho wa data iliyo kando yake, na kwa daftari lenye mamia ya mistari njia hiyo inashinda kuvuta kwa mkono.

Tofauti kati ya kuteua, kuhamisha na kujaza ni ya nukta chache za skrini. Anayekusudia kuteua bei za wiki nzima, akaanza kuvuta kielekezi kikiwa msalaba mweusi, atazifunika bei zote kwa bei ya siku ya kwanza, na namba zitaendelea kuonekana halali kiasi kwamba kosa linaweza kupita hadi wakati wa kulipana. Kwa sababu hiyo, katika Excel kuliko programu nyingine yoyote, fika kwanza, tulia, tazama msalaba ni upi, ndipo ubonyeze.

Kwenye vichwa vya safu, kishale kifupi cheusi kinachoelekea chini huteua safu yote. Mpakani mwa safu mbili hujitokeza mstari wenye vishale viwili, na hapo ukibofya mara mbili, safu hujipanua kutosha maandishi yake. Ndiyo tiba ya haraka ya alama ###### zinazojitokeza namba isipotosha katika seli.

Kupanua, kuburuta na kukata

Vishale vyenye vichwa viwili kwenye kingo za dirisha au picha havina ugumu. Cha mlalo hubadilisha upana, cha wima hubadilisha kimo, na cha mshazari, kinachopatikana kwenye pembe, hubadilisha vyote viwili. Picha ya mtu ivute kwa pembe, usiivute kwa ubavu, la sivyo uso utatanuka.

Unapoburuta mafaili kutoka kwenye flashi ya mteja, tazama alama inayoandamana na kielekezi. Alama ya kujumlisha ni ya kunakili. Kishale kidogo ni cha kuhamisha au cha kutengeneza njia ya mkato (shortcut), yaani ikoni inayolifungua faili lililobaki mahali pengine, na maneno yaliyo kando yake hueleza ni kipi kati ya hivyo. Windows hunakili unapoburuta kutoka diski moja kwenda nyingine, lakini huhamisha ukiburuta ndani ya diski ileile. Ndiyo maana faili lililotolewa kwenye flashi kwenda kwenye eneokazi hubaki pia kwenye flashi, ilhali lililoburutwa kutoka folda moja ya flashi hadi nyingine huondoka lilipokuwa, na mteja akidhani limefutwa huwa na haki ya kushtuka. Ukishikilia kitufe unapoburuta, Ctrl hulazimisha kunakili. Shift hulazimisha kuhamisha. Alt huweka njia ya mkato.

Msalaba mwembamba wa mistari miwili inayokatana ni wa kazi za vipimo, kama kuchora, kukata picha au kunasa sehemu ya skrini kwa kitufe cha Windows pamoja na Shift na S. Anzia kwenye pembe moja ya eneo unalolitaka, uvute hadi pembe inayotazamana nayo. Kwa wanaosafisha picha za pasipoti katika Photoshop, ipo shida moja ya mara kwa mara: duara linaloonyesha ukubwa wa brashi hutoweka na kubaki kimsalaba kidogo. Programu haijaharibika; Caps Lock imewashwa. Izime na duara litarudi.

Kielekezi kisichoonekana

Yote hayo yana faida ikiwa kielekezi chenyewe kinaonekana. Katika vyumba vinavyofunguka barabarani, ambamo mwanga wa mchana huipiga skrini, na kwa watu ambao macho yao yamepungua nguvu, kishale cheupe juu ya ukurasa mweupe ni shida ya kweli. Fungua mipangilio ya Windows 10 au 11, ingia sehemu ya ufikivu (Accessibility, au Ease of Access katika Windows 10), kisha sehemu ya kielekezi cha kipanya. Utakuta ukubwa kuanzia 1 hadi 15 na uchaguzi wa rangi: nyeupe, nyeusi, inayopindua rangi ya kilicho chini yake, au uitakayo mwenyewe. Mzee asiyekiona kielekezi mwekee ukubwa wa 3 au 4 na rangi ya kuwaka kabla hujamwambia kwamba hajui kutumia kompyuta. Katika sifa za kipanya upo pia mpangilio wa kuonyesha kilipo kielekezi kwa kubonyeza Ctrl, ambao huchora miduara inayokizunguka. Kwenye Mac za kuanzia mwaka 2015 tikisa kipanya haraka huku na huku, na kielekezi kitakua kwa muda.

Wapo wanaopakua vielekezi vya mapambo, vya maua au vya katuni, wakaviweka kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Kwa kompyuta ya nyumbani hilo ni suala la mwenye mali. Kwa kompyuta ya kazi silipendekezi, kwa kuwa mapambo mengi huficha ncha na hufanya nguzo, mkono na duara vifanane. Ukirithi kompyuta ya namna hiyo, fungua sifa za kipanya, nenda kwenye kichupo cha vielekezi, chagua mpango wa asili wa Windows katika orodha iliyo juu, kisha ubofye kitufe cha kutekeleza.